Kidonda Chini ya Njuga

Jumapili, 5 Mei 2019

Kidonda kile bado. Nilipokisafisha kabla ya kanisa nilidhani kimepungua, nikamsogeza Kerisha dirishani penye mwanga — hapana. Kipo pale pale, mguu wa kushoto, kwa nje, juu ya ule mfupa wa kifundo. Upana wa kungumanga. Kingo zake nyeupe, zinang'aa kama nta ya mshumaa.

Mwanangu anauma taulo ninapomsafisha. Huyu huyu aliyezaliwa na selimundu, aliyelia mifupa tangu hajaota meno. Anajua maumivu kuliko mtu mzima yeyote hapa Gouyave. Sasa kidonda kidogo hiki kinamfanya aume taulo!

Nikamwambia lia tu mama, nani anakusikia. Akasema majirani, Mami, watadhani unanichinja.

Nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikalia mimi.

Naandika kwa sababu mikono haitulii. Mwandiko wenyewe huu, mwalimu wangu angenichapa.

Jumanne, 7 Mei

Kituoni leo tulipewa magunia mengi. Mimi na Tanti Olivet tuko benchi moja tunachagua kungumanga, nzuri huku, zilizotobolewa kule. Mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole.

Ameniuliza mguu wa Kerisha. Nikamwambia. Akasema Zelma, shoga yangu, wewe mjinga au unajifanya? Mtoto alicheza ngoma ya Shotni sikukuu ya Uhuru mwezi wa pili, na njuga za marehemu. Ule mkanda una jasho la wanaume tangu enzi za babu wa Alban. Unategemea nini? Umemla ngozi!

Nimekaa na kungumanga moja mkononi sijui niitupe wapi.

Ni kweli. Kidonda kilianza baada ya Uhuru. Na kipo palepale njuga zinapofungwa. Palepale!

Alban, marehemu mume wangu, alikuwa Shotni uhai wake wote. Suruali pana hadi magotini, vioo kifuani, kinyago cha waya usoni, njuga kwenye vifundo, wanakanyaga barabara hadi unahisi kwenye meno. Alipokufa nilizitundika njuga zake ukutani. Kerisha ndiye aliyezishusha. Alikuwa na nguvu mpya, nikasema acha mtoto afurahi.

Jumatano, 8 Mei

Nimezificha. Ndani ya pipa la unga, chini kabisa, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Kerisha aliona ukuta mtupu, akanitazama, akashika ufagio akafagia baraza. Hasira yake ni ya baba yake.

Jumapili, 12 Mei

Sikukuu ya mama. Kerisha kanipikia chai ya kakao, kaweka mdalasini na jani la bay, kaileta kitandani huku anachechemea. Nikamfokea kwa nini umesimama. Akasema Mami, hata leo?

Hata leo.

Nikampa vidonge vyake nilivyoweka mkononi tayari. Kila asubuhi nampa mwenyewe, na maji, namtazama anameza. Ana miaka ishirini na mbili, ananicheka, anafungua mdomo wazi kama mtoto wa shule ya vidudu nione vimekwenda. Lakini sijali! Tangu aanze vidonge hivi vya damu, mwaka wa tatu sasa, hatujalala hospitali. Zamani wauguzi wa wodi walinijua kwa jina. Vidonge hivi navipenda kama ndugu aliyetusaidia.

Alhamisi, 16 Mei

Nimefanya jambo.

Bato, kiongozi wa kundi la Shotni, alikuwa amesimama nje ya duka la ramu na wenzake. Akaniita kwa bashasha, Bi Zelma! Kerisha wetu lini mazoezini? Karnivali haina sauti bila yeye, sisi wengine tunalia kama mbuzi.

Damu ikanipanda. Nikamwambia wewe! Umempa mwanangu njuga chafu, umemwoza mguu, bado unataka sauti yake? Unataka nini kingine, figo? Nikamwita mchawi. Mbele ya watu wote, na yule muuza samaki akaacha kukata samaki ili asikie vizuri.

Bato akavua kofia. Akasema njuga zile ni za mumeo, Bi Zelma. Mimi sikumpa.

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 26 Mei

Nilijaribu kupaka asali. Siku kadhaa kidonda kikaonekana safi, nikaimba jikoni. Leo kimepanuka kuelekea nyuma. Na kimepata mwenzake! Kidogo, kama punje ya mahindi, mguu wa kulia. Kwa nje. Juu ya mfupa.

Mguu wa kulia pia ulivaa njuga.

Olivet anasema papai bichi. Shangazi wa Olivet anasema kuna mtu amemwagia kitu njiani, tutafute mtu wa kumwogesha dawa. Nikasema sitaki habari hizo. Lakini jioni nilimwaga maji ya chumvi mlangoni. Nimwage tu, chumvi haidhuru.

Jumatano, 5 Juni

Kliniki. Nesi Redhead amebadilisha bandeji kwa upole sana, anapuliza kama anapuliza chai. Anasema wenye selimundu hupata vidonda vya vifundo, damu haifiki vizuri kule chini, ni jambo la kawaida, tuvumilie. Katupa dawa ya kuua vijidudu. Anasema ainue mguu.

Nikamwambia kuhusu njuga. Akasema inawezekana ilichubuka ikaanzia hapo.

Inawezekana! Hata nesi kasema.

Kerisha akasema kwa sauti ndogo, niliuvaa mkanda juu ya soksi nene, Mami. Haukunigusa. Nikamwambia nyamaza, wewe unatetea ngoma.

Alhamisi, 20 Juni

Maandamano ya Ekaristi yalipita mbele ya nyumba, maua barabarani. Kerisha alitazama kutoka barazani, mguu juu ya kiti. Watoto wa kwaya wakampungia. Aliimba nao ule wimbo wa mwisho, akiwa amekaa, na watu wakageuka kutafuta sauti inatoka wapi.

Nimeona kucha zake leo nilipomkata. Zina mistari myeusi, ya kusimama, kutoka kwenye nyama hadi ncha. Nikasugua kwa limau. Haitoki. Nilidhani ni rangi ya kungumanga, lakini yeye hashiki kungumanga, mimi ndiye ninayeshika.

Jumatano, 26 Juni

Sijui nianzie wapi.

Daktari wa damu amekuja kliniki, mwanamke, Mtrinidadi, huja kwa msimu. Mnene, miwani kichwani. Hakuangalia mguu kwanza! Alishika mkono wa Kerisha, akautazama, akauliza kucha hizi zimekuwa hivi tangu lini. Ndipo akaomba afunguliwe bandeji. Akainama karibu kabisa. Akauliza vinauma kuliko ukubwa wake, sivyo? Kerisha akaanza kulia. Nadhani kwa sababu kuna mtu ameuliza hivyo.

Daktari akasema, huenda ni selimundu yenyewe. Lakini kwa kucha hizi na vidonda hivi, mimi nadhani ni vidonge. Vinamsaidia kwenye damu, ila kwa watu wachache, baada ya miaka, ngozi ya vifundo inachoka kujitengeneza. Ikipasuka haifungi.

Nikasema vidonge vipi?

Nilijua vipi. Niliuliza tu ili asiseme.

Akasema tunavisimamisha leo.

Nikamwambia daktari, nampa mwenyewe kila siku. Sijasahau hata mara moja. Akaweka mkono juu ya mkono wangu. Mama, akasema, umefanya ulichoambiwa, na mwanao amepata miaka mizuri. Hakuna aliyekosea.

Hakuna aliyekosea! Ndiyo, daktari. Lakini asubuhi hii hii nilimwambia fungua mdomo nione.

Halafu akaeleza yaliyo mbele. Vidonge vikisimama, kidonda kitafunga, polepole, kwa miezi. Mguu upumzike, usigongwe, usikanyage kwa nguvu. Lakini ile mifupa — maumivu yanaweza kurudi. Mpaka kidonda kifunge hawezi kumpa dawa nyingine. Kikifunga vizuri, atakaporudi mwishoni mwa Agosti, ataanza kumtafutia njia. Kikifunguka tena, tunaanza upya. Bila kinga yoyote.

Kwa hiyo ni hivyo. Mguu usifunguke, na mifupa ivumilie. Vyote viwili.

Kwenye basi Kerisha akaegemea bega langu. Akasema, Mami, kwa hiyo si njuga.

Nikasema si njuga.

Akatazama nje dirishani mpaka tulipofika. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 29 Juni

Sikukuu ya wavuvi. Mji mzima uko baharini na pombe. Mimi nimepika chungu cha shelisheli, tui zito, majani ya magimbi, nyama ya chumvi, manjano, nikaacha mpaka mafuta yabaki chini. Nikajaza bakuli, nikafunika, nikampelekea Bato nyumbani kwake.

Alifungua mlango, akatazama bakuli, akanitazama. Akasema Bi Zelma, majuzi mimi mchawi, leo unanipikia?

Nikasema nimekosea. Ni dawa, si njuga.

Akafunua bakuli, akanusa. Akasema, basi nitukane tena wiki ijayo, ila uongeze nyama.

Nilicheka hadi nikashika ukuta wake. Mke wake akanipa kiti. Sijakaa kwenye kiti cha mtu nikacheka hivyo tangu mwezi wa pili.

Njuga bado zipo kwenye unga, lakini. Sijazitoa.

Ijumaa, 5 Julai

Hakuna vidonge. Asubuhi mkono wangu unakwenda kwenye kabati peke yake. Chupa bado ina vingi. Daktari hakusema nitupe.

Kidonda hakijabadilika. Mifupa kimya. Namtazama anavyotembea, anavyolala, rangi ya macho. Akasema Mami, unaniangalia kama unanichagua, nzuri huku mbovu kule.

Ijumaa, 12 Julai

Mvua na upepo siku nzima. Nimemfunika blanketi mbili. Anasema hana baridi. Nimemfunika tu.

Jumanne, 16 Julai

Imekuja.

Ilianza mgongoni baada ya chakula cha mchana. Akaacha kijiko. Niliujua uso ule, miaka mitatu sijauona, niliujua kabla hajasema. Halafu mapaja. Halafu kifua.

Nikamwita mtoto wa Olivet mwenye gari. Njia nzima hadi hospitali ya mjini kila kona ya barabara Kerisha anapiga kelele. Kila kona! Na kisiwa hiki kina nini zaidi ya kona?

Kwenye ile korido, kabla hawajamchoma sindano, alinishika nguo. Akasema vidonge, Mami. Najua umevibeba. Nipe. Mguu waukate, sitaki mguu, nipe vidonge.

Na kweli nilikuwa nimevibeba. Vipo kwenye mfuko wa aproni. Sijui niliviweka saa ngapi. Mkono wangu ulikuwa umeshika chupa ndani ya mfuko.

Sikumpa. Si kwa ushujaa. Nesi alitokea na sindano, basi.

Baadaye, amelala, nikamuuliza daktari kijana wa zamu, kidonge kimoja tu kingemsaidia leo? Akasema hapana mama, hakifanyi kazi hivyo, kinachukua wiki na wiki. Kisingezuia kitu leo.

Kwa hiyo ningeharibu mguu bure.

Jumamosi, 20 Julai

Tumerudi nyumbani. Amekonda. Amekunywa uji wa ndizi nusu kikombe.

Chupa nimempa Nesi Redhead. Nimemwambia kaa nayo wewe, usinipe hata nikilia.

Jumanne, 30 Julai

Nimeiona! Sitaki kuandika kwa sauti kubwa.

Ukingo wa chini wa kile kikubwa. Kuna utepe mwembamba, rangi ya ndani ya ganda la kombe. Ngozi. Ngozi mpya! Nesi alisema usiguse, nikasema siigusi, naitazama tu. Kile kidogo cha kulia kimekauka kabisa, kimebaki doa.

Nikamwita Kerisha ajionee kwa kioo. Hakutaka. Hajakitazama kidonda chake tangu kianze, hata mara moja, hugeuza uso ukutani. Akasema wewe niambie tu, Mami. Kikoje?

Nikamwambia ni kama mtoto anayefumba jicho, polepole, hataki kulala.

Akacheka. Akasema basi muimbie.

Jumapili, 4 Agosti

Kinaendelea. Kimebaki cha ukubwa wa kidole gumba.

Bato alikuja na mkewe. Walileta embe. Hakuuliza, lakini macho yake yalikuwa ukutani pale kwenye msumari mtupu. Mkewe akasema mwaka huu kundi halina mwimbishaji. Bato akamkata jicho.

Nikasema Bato, nakupenda kama kaka, lakini mwanangu hatoki. Daktari kasema asikanyage. Shotni asiyekanyaga ni nini? Ni mtu kavaa pazia.

Bato akasema ni kweli, Bi Zelma. Hata sikuuliza.

Kerisha alikuwa anamenya embe. Akamenya lote, ganda moja refu bila kukatika, hakuinua uso.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumegombana. Alianza yeye.

Anasema Mami, nikiwa na maumivu nalala. Nisipokuwa na maumivu pia nalala, nisije nikapata. Sasa niambie ni siku gani ninayoishi.

Nikasema siku kidonda kikifunga.

Akasema na baada ya hapo? Kuna kingine kitakuja, Mami. Kwangu daima kuna kingine. Baba alijua. Baba alinibeba mabegani nikiwa mdogo nikaimba na kundi lote, na wewe ulisimama kwenye geti unatetemeka.

Nikasema ndiyo natetemeka! Nani mwingine atatetemeka kwa ajili yako?

Akafunga mlango wa chumba. Si kwa kishindo. Ningependa angeupiga.

Jumapili, 11 Agosti

Nilitaka kukanda mkate. Nikaingiza mkono kwenye unga hadi kwenye bega.

Hakuna mfuko. Hakuna njuga.

Amelala chumbani kwake mchana, au anajifanya. Alama za unga kwenye sakafu hazipo, kafagia vizuri. Nimemlea msafi.

Nimesimama mlangoni pake nikiwa na mkono mweupe wote. Ningeweza kuufunga mlango kwa nje. Kitasa kipo. Nimekigusa.

Sijafunga.

Jumatatu, 12 Agosti

Karnivali. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa alfajiri.

Sikwenda kumtafuta. Ningemtafuta wapi? Wote wana vinyago, taulo nyeupe kichwani, glavu, hakuna hata kidole cha kumjua mtu. Nilikaa barazani na kikombe cha chai nisichokunywa. Jab Jab, wale mashetani wa Karnivali, wakapita, weusi kwa mafuta, wananguruma. Mvua ikanyesha kidogo ikaacha. Halafu kutoka upande wa daraja nikazisikia.

Njuga. Kwanza kama sarafu kwenye mfuko. Halafu barabara yote.

Kundi likageuka kona, nyekundu na kijani na manjano, vioo vinanipiga machoni. Na sauti juu yao. Nyembamba, imenyooka. Anatupa mstari, wao wanaudaka.

Sikutazama nyuso. Nilitazama miguu. Njuga, njuga, njuga — na mmoja katikati, njuga mguu wa kulia tu. Wa kushoto, soksi nene nyeupe, hakuna kitu. Mkono wake uko begani kwa Bato. Namjua Bato kwa kitambi, kinyago hakifichi kitambi. Na Bato mkono mwingine ameshika seti ya pili ya njuga za Alban, na kila mguu ule wa kushoto unapotua, taratibu, kama anakanyaga yai, Bato anatikisa njuga hewani kwa ajili yake!

Nikasimama. Wakaja hadi getini kwangu.

Mwenye kinyago haitwi jina. Hata mama yake hamwiti, ndivyo ilivyo, Alban angenifufukia. Jina lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikaweka mikono kwenye geti. Nilikuwa natetemeka, ndiyo.

Yeye akaimba mstari mmoja akielekea kwangu. Aliimba jina la baba yake. Halafu akaondoa mkono begani kwa Bato, akainua mguu wa kushoto, juu, kama zamani, akaukanyaga chini. Mguu wote. Kwa nguvu zake zote. Barabara ikalia.

Mara moja.

Kundi zima likapiga ukelele. Mtu akanimwagia poda kichwani, ndivyo Shotni wanavyofanya, nikawa mweupe kama wao. Sikuona tena kitu.

Nilipofuta macho, walikuwa wanapanda kilima na mmoja amebaki. Ameegemea nguzo ya geti. Akavua kile kinyago. Jasho na poda na meno yote nje.

Nilikanyaga hapa tu, Mami, akasema. Kwingine nimeimba. Muulize Bato.

Nikamwambia ingia ndani.

Sasa amekaa kwenye kiti chake, mguu juu ya kigoda. Uso ameugeuzia ukutani. Akasema fungua wewe, mimi siwezi kutazama. Wewe niambie tu kikoje. Nimechemsha maji, nimetia chumvi, nimeyaweka yapoe. Mkasi upo. Bandeji safi ipo. Njuga moja bado iko mguuni, nyingine Bato aliingia akaitundika ukutani kwenye msumari bila kuniuliza, kisha akawakimbilia wenzake.

Kwenye soksi kuna doa. Pembeni, karibu na mfupa. Linaweza kuwa tope, mvua ilinyesha, udongo wetu ni mwekundu. Linaweza kuwa tope tu. Nimelitazama kutoka hapa mezani, sijasogea.

Anaimba chinichini, mstari wake, anasubiri mtu wa kuudaka. Kule kilimani hakuna anayemsikia.

Mami, anasema, maji yamepoa sana sasa.

Nimemwambia nakuja. Nimalize mstari huu tu —